Klachi ya Subaru WRX Inayoteleza Baada ya Injini Kuongezwa Nguvu

Msomaji wetu wa Nakuru anauliza: "Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 iliyoagizwa kutoka Japani, ya manyuali, gia 5. Miezi miwili iliyopita kompyuta ya injini ilisetiwa upya na nikafunga egzosi kubwa. Tangu hapo, nikipanda mlima wa Kinungi nikiwa gia ya nne au ya tano na nikikanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka lakini gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Fundi wangu anataka anifungie klachi ya mbio ya vipande sita, isiyo na springi. Rafiki yangu anasema ninunue klachi ya STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi. Gari hili ndilo linalonipeleka kazini kila siku, na mara tatu au nne kwa mwaka huliendesha kwenye mashindano ya klabu. Nifunge ipi?"

Usifunge ile ya vipande sita, wala usinunue klachi kwa sababu tu boksi lake limeandikwa STI. Gari lako linahitaji presha pleti (bamba la chuma linalobana klachi) yenye nguvu zaidi kuliko ile ya kiwandani, ikiambatana na klachi pleti (sahani inayobanwa) ya duara zima, yenye utando wa msuguano wa oganiki na springi katikati yake. Sababu kubwa ya ushauri huu ni giaboksi yako, na nitaifikia. Lakini kabla hujatoa pesa yoyote, hakikisha kwamba klachi imezidiwa na nguvu za injini na si kwamba imeingiwa na mafuta.

Klachi ambayo bado ni nzima huweza kuteleza kwa sababu imelowa. Injini za Subaru za familia ya EJ, kama hiyo yako, zina sili ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, upande wa nyuma, na karibu nayo kuna kifuniko cha chumba kinachotenganisha mafuta na hewa. Katika injini nyingi kifuniko hicho kilikuwa cha plastiki, na plastiki ikipinda kwa joto la miaka mingi, mafuta huanza kudondoka tone moja moja nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hubanwa juu yake. Mwambie fundi alale chini ya gari na kutazama pale injini inapokutana na giaboksi, kisha apake tone kwenye kidole na kulinusa. Mafuta ya giaboksi yana harufu kali ya salfa, karibu na ile ya yai viza, kwa hiyo pua itakuambia kama sili iliyokufa ni ya krenki au ya shafti ya giaboksi. Ukifunga klachi mpya ya bei ghali juu ya sili inayovuja, utarudi kwenye harufu ile ile baada ya miezi michache.

Kagua pia haidroliki ya pedali. Fimbo inayosukuma masta silinda (pampu ndogo inayoendeshwa na pedali) ikirekebishwa vibaya ikawa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho, presha inabaki ndani ya paipu, na klachi inakaa kama vile dereva ameacha mguu juu ya pedali safari nzima. Bonyeza pedali kwa kidole. Ni lazima usikie mchezo mdogo, wa milimita chache, kabla fimbo haijaanza kusukuma. Haya yote mawili yakiwa sawa, basi klachi imezidiwa, na kwa gari lililosetiwa upya hilo halinishangazi.

Hebu tuone inavyozidiwa. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa nyutonimita (Nm), ambayo klachi inaweza kuipitisha hutokana na mambo manne yanayozidishwa pamoja: kiwango cha msuguano cha utando, nguvu ya presha pleti ya kubana, umbali wa wastani kutoka katikati ya klachi pleti hadi kwenye utando, na idadi ya nyuso zinazosuguana, ambazo kwa pleti moja ni mbili. Klachi ya WRX ya gia 5 ina kipenyo cha milimita 230. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, umbali wa wastani wa milimita 95, msuguano wa 0.3 na mbano wa nyutoni 7,000: zidisha 0.3 kwa 7,000, kisha kwa 0.095, kisha kwa 2, utapata karibu Nm 400. WRX ya soko la Japani ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250 na torki ya takriban Nm 333, kwa hiyo katika mfano wetu kuna akiba ya sehemu moja ya tano, na akiba hiyo ndiyo iliyokuwa ikikupandisha Kinungi bila malalamiko. Gari lililosetiwa upya likifungwa egzosi pana hupanda bila shida hadi Nm 400 au zaidi katikati ya mzunguko wa injini. Akiba imekwisha.

Sasa angalia joto linavyofanya. Msuguano wa utando wa oganiki hushuka ukipata moto kupita kiasi. Ukishuka kutoka 0.3 hadi 0.25, klachi ile ile ya Nm 400 inabaki na Nm 333 tu. Ndiyo maana klachi ikianza kuteleza mara moja huendelea kuteleza zaidi: mtelezo huzaa joto, na joto hupunguza msuguano. Injini inayotoa Nm 350 huku flaiwili ikiitangulia klachi pleti kwa mizunguko 500 kwa dakika inazalisha takriban kilowati 18 za joto, sawa na birika tisa za umeme za kilowati 2 zinazochemka kwa pamoja ndani ya chumba kisicho na upepo. Harufu unayoisikia ni gundi ya utando inayoungua. Kwa hiyo, kuanzia leo hadi siku ya ukarabati, mshale ukiruka ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, ushuke gia na upande taratibu.

Huenda umejiuliza kwa nini gari halitelezi katika gia ya kwanza na ya pili, ambako unahisi nguvu nyingi zaidi. Katika gia ya chini injini hupanda RPM kwa haraka sana, na sehemu ya torki yake hutumika kuharakisha uzito wake yenyewe, yaani krenki na flaiwili, kabla haijafika kwenye klachi. Katika gia ya nne na ya tano injini hupanda polepole, turbo inapata muda wa kujaza kikamilifu, na karibu torki yote inapita kwenye klachi kwa sekunde nyingi mfululizo. Jaribio lako la bahati mbaya pale Kinungi ndilo jaribio sahihi: gia ya nne, kilomita 60 kwa saa, mlima, mafuta hadi mwisho, macho kwenye mishale miwili. Lisirudiwe mara nyingi, na kamwe lisifanywe kwa kuvuta handbreki na kuachia klachi gari likiwa limesimama.

Nirudi kwa fundi wako. Klachi ya vipande sita anayoipendekeza ina vipande vya seramiki na unga wa metali vilivyobanwa kwa joto, vimepangwa kuzunguka kitovu kama vidole. Vinavumilia joto ambalo lingeuunguza utando wa oganiki na vina msuguano wa juu, kwa hiyo ni kweli kwamba havitateleza katika gari lako. Kwa hilo fundi hakukosea. Tatizo ni namna vinavyoshika. Klachi pleti ya kawaida ina bati jembamba lenye mawimbi kati ya nyuso zake mbili, ambalo hulala taratibu kadiri unavyoinua mguu na kukupa nafasi ya kuondoka kwa upole; pia ina springi kuzunguka kitovu, zinazomeza mtikisiko wa injini. Klachi ya vipande isiyo na springi haina vyote viwili. Iko wazi au imeshika, na kati ya hali hizo mbili pana nafasi nyembamba mno ya pedali. Katika foleni gari hutetemeka na kurukaruka kama linaloendeshwa na mwanafunzi wa siku ya kwanza, na kila mruko huo unapokelewa na meno ya gia.

Meno hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Giaboksi ya gia 5 ya Subaru ni nyepesi, imegawanyika kwa urefu katika nusu mbili kama ganda la njugu, na gia zake ni nyembamba. Ilitosha kwa nguvu za kiwandani, lakini kila fundi aliyefungua kadhaa anajua kwamba gia ya tatu ndiyo hutangulia kuvunjika. Niliwahi kupokea gari kama lako, lililokuwa limefungwa klachi ya vipande sita kwa takriban mwaka mmoja. Mwenyewe alilalamika kwamba gia ya tatu inalia kama msumeno. Tulipofungua plagi na kumwaga mafuta kwenye beseni, yalitoka yakiwa na rangi ya fedha, na baada ya kuyachuja kwa kitambaa tulibaki na vipande vitatu vya meno, kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Klachi yenyewe ilikuwa safi kabisa, haijachakaa hata kidogo. Nilimwonyesha vitu vyote viwili kwa pamoja, na hakuhitaji maelezo mengi.

Gari linaloendesha magurudumu yote manne lina hatari yake ya pekee hapa. Gari la kuendeshwa na magurudumu ya nyuma likiachiwa klachi kwa nguvu, matairi hulalama na kuteleza, na nguvu ya ziada huishia kwenye lami. Subaru yako hushika kwa matairi manne. Kwenye vumbi na changarawe bado kuna kuteleza kidogo, lakini kwenye lami kavu matairi hayakubali, hivyo ni ama klachi iteleze kidogo au jino la gia likatike. Mimi nataka iteleze klachi. Inafanya kazi ya fyuzi, na mtu hafungi fyuzi kubwa kuliko waya unaolindwa nayo.

Najua jibu ambalo hutolewa, kwamba magari ya Safari Rally yanafungwa klachi za namna hiyo hiyo. Ni kweli magari ya mbio hutumia klachi kali. Lakini Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka 1997 ilikuwa na giaboksi iliyojengwa kwa ajili ya mashindano, na nyuma yake kulikuwa na timu nzima ya mafundi walioweza kubadilisha vipuri vizito kwenye vituo vya huduma. Gari lako linalala nje ya nyumba na kesho saa moja asubuhi linakupeleka kazini.

Basi ununue nini? Kwanza pata karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu za injini) kutoka kwa aliyeiseti injini, usome torki ya juu kabisa. Hiyo ndiyo namba muhimu kwa klachi, wala usitishwe na idadi ya farasi. Ongeza asilimia 20 juu yake, kisha tafuta seti ambayo mtengenezaji anaitaja kuwa inabeba kiasi hicho. Ikiwa una Nm 410, tafuta inayobeba karibu Nm 490. Seti za oganiki zilizoimarishwa hufikia kiwango hicho kwa kuongeza mbano wa presha pleti: katika mfano wetu, nyutoni 7,000 zikiongezwa robo zinakuwa 8,750, na torki inapanda hadi karibu Nm 499 bila kugusa aina ya utando. Exedy ya Japani, ambayo hutengeneza klachi pia kwa ajili ya viwanda vya magari, ina seti ya aina hiyo wanayoiita steji 1, na steji 2 yao ndiyo ya seramiki. Hata hivyo usilinunue neno "steji" peke yake, kwa maana kila mtengenezaji huhesabu steji zake anavyotaka, na steji 2 ya mmoja inaweza kuwa laini kuliko steji 1 ya mwingine. Nunua namba ya torki, na ununue kwa muuzaji atakayekupa risiti na boksi lenye namba ya kipuri inayosomeka, kwa sababu klachi bandia zinazofanana na za asili kwa macho zimo sokoni.

Kuhusu STI, rafiki yako anachanganya mambo mawili. STI ya miaka hiyo ina giaboksi ya gia 6 yenye klachi yake ya milimita 240 na flaiwili yake. Haifungwi kwenye giaboksi yako hivi hivi. Kuhamisha giaboksi nzima ya gia 6 kunawezekana na ni kazi nzuri sana, lakini huja na propela shafti (inayopeleka nguvu nyuma), difu (giaboksi ndogo ya ekseli) ya nyuma yenye uwiano unaolingana na ule wa mbele, na vipuri vingine vingi. Ni mradi wa mwaka, hauhusiani na klachi inayoteleza leo. Zaidi ya hayo, WRX ya turbo ya mwaka wako hutumia klachi ya kuvuta: rilizi beringi, yaani beringi inayoachia klachi, imenasa kwenye vidole vya presha pleti na kuvivuta ili kuachia. Miundo ya baadaye ya giaboksi ya gia 5 ilihamia kwenye mfumo wa kusukuma, na seti hizo mbili hazibadilishani. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya kuvuta, milimita 230.

Kuvuta huko kuna mtego wakati wa kushusha giaboksi, na hapo ndipo utamjua fundi anayezijua Subaru. Kwa kuwa beringi imenasa kwenye presha pleti, giaboksi haitoki hata bolti zote zikiwa chini. Pembeni mwa nyumba ya klachi kuna plagi yenye tundu la pembe sita. Inafunguliwa kwa spana ya eleni ya milimita 10, kisha bolti ndogo hufungwa ndani ya shafti ya uma (mkono unaosogeza beringi hiyo) na kutumiwa kuivuta nje, uma ubaki huru. Nimekuta giaboksi zilizopasuliwa masikio kwa mitarimbo kwa sababu mtu hakuijua plagi hiyo.

Giaboksi ikiwa chini, usibane matumizi. Badilisha rilizi beringi, pailoti beringi (inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi), sili ya krenki na ya shafti ya giaboksi, na kile kifuniko cha plastiki kiwekwe cha chuma. Angalia bomba ambalo rilizi beringi huteleza juu yake. Likiwa na kidonda, klachi mpya itanata na kutetema hata iwe ya gharama gani. Flaiwili yako, kwa jinsi ulivyoieleza harufu, nina hakika ina madoa ya buluu. Ikiwa haina nyufa, ipelekwe kwenye mashine na kusawazishwa. Ikiwa na nyufa za nywele karibu na mahali pa bolti, itupwe. Flaiwili nyepesi sikushauri. Injini itapanda RPM haraka na utaipenda kwa wiki moja, kisha utaichoka kwa kuzimika kila unapoondoka kwenye mlima, na giaboksi italia kama kopo la mawe gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma.

Presha pleti mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yafutwe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa cheupe hadi kitambaa kibaki cheupe. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kuona rangi tu; klachi pleti iingizwe na kutolewa, na ziada yote ifutwe, kwa sababu ikibaki itarushwa juu ya utando siku ya kwanza. Bolti za flaiwili hukazwa kwa Nm 72 na za presha pleti kwa takriban Nm 16, kwa spana ya torki, mkazo ukienda kwa hatua na kwa kuvukana upande hadi upande ili presha pleti isipinde. Mafuta ya breki ya mfumo wa klachi yabadilishwe yote na hewa itolewe.

Pedali itakuwa nzito kiasi. Uzito huo haubebwi na goti lako pekee: presha pleti inapovutwa, nguvu hiyo hupokelewa na beringi ya krenki inayozuia krenki kusogea mbele na nyuma. Kwa hiyo kwenye foleni ya Gilgil siku za sikukuu, weka gari huru na uondoe mguu kwenye pedali kila linaposimama.

Baada ya hapo, klachi ya oganiki inahitaji kuzoeshwa kwa kilomita 800 hivi, na ninamaanisha kilomita za mjini. Wako wanaofunga klachi Ijumaa, wakaendesha Nakuru hadi Mombasa na kurudi, wakadhani wamemaliza. Katika safari hiyo klachi imeshika muda wote na haijasuguana na chochote. Utando na chuma hulingana kwa kuondoka na kusimama mara mamia, taratibu, bila turbo kujaza. Kazi yako ya kila siku mjini itatosha vizuri.

Kwenye mashindano ondoka ukiwa na RPM karibu 3,000, achia pedali hadi ianze kushika, subiri gari lianze kusogea ndipo uiachie yote na kukanyaga mafuta. Utapoteza kiasi cha nusu sekunde kwa yule anayeachia pedali kwa kishindo. Ukisikia harufu baada ya kuondoka, usiliegeshe gari likiwa na moto huo: liendeshe kwa dakika kumi katika gia ya juu, mguu ukiwa mbali na pedali, ili joto lihame kutoka kwenye utando na kusambaa ndani ya flaiwili na presha pleti, ndipo urudi kwenye mstari wa kuanzia.